Jumapili ya Pili Wodini

Maneno yenyewe niliyasikia bombani, kwa Mama Pacha, nikiwa nakinga maji ya kufulia. Alisema wodi ile ya korona, mtu akivuka Jumapili ya pili hatoki kwa miguu yake. Akitoka kabla, huyo mzima. Akivuka, andaeni shuka. Nikamuuliza kayatoa wapi, akasema kila mtu anajua. Nikamuuliza kila mtu ni nani.

"Kila mtu ni mimi na wewe," akasema, "maana sasa na wewe umeshajua."

Nikabeba ndoo zangu nikaenda. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na mimi ni mtu wa kushikwa na neno. Kazi yangu ni udobi, nafua na kupiga pasi nguo za watu. Neno likiniingia linakaa kama doa la kutu kwenye shati jeupe: unafua, unaanika, ukienda kuanua unalikuta palepale. Wakati ule nyumbani kwangu hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Haikunisaidia. Nilikuwa napiga pasi huku nahesabu Jumapili za watu nisiowajua.

Kisha akaugua wangu. Ni kitinda mimba, kijana mkubwa, mpiga rangi magari. Gereji wanamwita Kipaza, kwa sababu akiongea yeye mtaa wa nyuma wanaitikia. Siku hiyo alirudi mapema, akakaa kwenye ndoo niliyoigeuza, akasema, "Mama, leo nimefungua kopo la rangi nikaliweka puani. Ni kama maji." Mtu anayeshinda kwenye rangi akikwambia rangi haina harufu, huhitaji daktari. Tulimpeleka hospitali pumzi zilipoanza kumkatika hata akiwa amekaa.

Ndani hatukuruhusiwa. Ndugu wa wagonjwa tulikuwa tunakaa nje kwenye benchi refu, chini ya bati, pembeni ya dirisha la kupitishia nguo na chakula. Sista mkuu wa wodi ile alikuwa mwanamke mfupi, sauti imekwaruza kwa kuongea mchana kutwa ndani ya barakoa. Aliniambia, "Mama, huyu tumkadirie kama wiki moja na nusu. Zinaweza kupungua, zinaweza kuzidi." Mimi nilisikia wiki moja na nusu tu. Nikapiga hesabu ya Jumapili pale pale, nikaona itagusana na ile ya pili.

Neno la Mama Pacha sikumwambia mwanangu. Aliyemwambia ni mdogo wangu, mjomba mtu, dereva wa gari la kusambaza mikate, mtu asiyejua kukaa na jambo moyoni. Naye lilikuwa limemfikia huko dukani anakopeleka mikate. Akampigia simu mpwa wake: "Fanya ufanyalo, Jumapili ya pili isikukute humo."

Siku zikaenda. Kipaza aliyekuwa anapiga simu mpaka unasogeza sikio mbali, akawa haongei, anaandika. Nikajipa moyo kwamba wodini wamekatazwa kelele. Jumamosi ile, kabla ya Jumapili ya pili, asubuhi nikapata ujumbe: "Leo natoka. Leteni shati na viatu." Nilipiga pasi shati lile mpaka kola ikasimama yenyewe. Mjomba akaja na gari la mikate, limeoshwa, kiti cha mbele kimetandikwa taulo.

"Kabla ya Jumapili," akasema, akanionyesha meno yote. "Nilisema mimi."

Tulipofika, karibu na mlango wa mapokezi palikuwa na mzee kwenye kiti cha magurudumu, mtungi wa oksijeni umefungwa ubavuni kwa kamba. Binti mmoja wa kitenge cha bluu alikuwa amesimama nyuma yake anampepea kwa kipande cha boksi. Nikakaa mwisho wa benchi. Binti akaniamkia, akauliza kama nina mgonjwa ndani.

"Mwanangu. Leo anatoka."

"Basi ni nyinyi," akasema, akaja kuchutama mbele yangu. "Sista ametuambia kuna kijana anatoka, baba atapata kitanda chake. Tuko hapa tangu kunapambazuka. Asante sana, mama."

Alinishukuru kama vile kitanda nilikitoa chumbani kwangu. Nikamuuliza kama yule ni babake mzazi.

"Baba mkwe. Mume wangu yuko kazini mbali, ameniachia mimi."

"Na mkwe anamuuguzaje mkwe?"

"Kwa aibu, mama. Nikimpangusa jasho anafumba macho, na mimi nafumba."

Tukacheka wote wawili chini ya barakoa. Mzee alikuwa fundi saa. Saa ya ukutani pale mapokezi ilikuwa imesimama, naye kila mara aliitazama kama inamkera. Akainua kidole. "Betri tu," akasema. Maneno mawili, kisha akapumua kama mtu aliyepanda ghorofa.

Nilikuwa bado namtazama, simu yangu ikaita. Kipaza mwenyewe, safari hii hakuandika.

"Mama," akasema. Akanyamaza. "Umeleta." Akanyamaza. "Viatu?"

Nikamtazama yule mzee wa kiti cha magurudumu. Pumzi ile ile.

"Nimeleta," nikasema. "Kipaza, hebu mtukane mjomba wako kama unavyomtukana timu yake ikifungwa."

"Niko sawa."

"Sikukuuliza hali. Nimesema mtukane. Sema yote bila kupumzika."

Akajaribu. Alifika kwenye jina la timu, akashikwa na kikohozi, na kikohozi kile kilikuwa kikavu, cha mbali, kama mtu anayepiga hodi nyumba isiyo na watu. Kikatulia. Akasema, "Mama. Kesho. Jumapili." Akakata. Haukupita muda ujumbe ukaingia:

"Usiseme kitu mama. Wakitupima wanatutuma tutembee mpaka mlango wa choo na kurudi. Hawatufuati, wako wawili wodi nzima. Pale njiani kuna pazia na stuli. Mimi nakaa nyuma ya pazia napumzika, halafu narudi natoa kidole wapime hewa. Hewa wameniambia nijaribu bila bomba, wakitoka narudisha puani. Jamaa wa kitanda cha pili, tunamwita Utingo, ndiye alinifundisha, yeye ametoka jana. Nitoe humu nitapona nyumbani. Nakuomba wewe uliyenizaa."

Mjomba alikuwa anasoma begani kwangu.

"Kijana ana akili kuliko wote humo ndani," akasema.

"Hana pumzi."

"Pumzi hata nyumbani ipo."

"Nyumbani kuna mtungi?"

"Tutafungua madirisha. Dada, nisikilize." Akanivuta mpaka nyuma ya gari la mikate, akashusha sauti. "Usipoongea, yule mzee anapata kitanda, mtoto anarudi kwako, kila mtu kafurahi. Ukiongea, mzee humpi kitanda, mtoto humpi nyumbani, na kesho ni Jumapili. Sasa niambie, anafaidika nani?"

Hesabu yake ilikuwa imenyooka. Nikitazama kule nilimwona yule binti ameshaanza kukunja blanketi la mzee, anajiandaa kuingia.

"Wewe hukuzaa," nikamwambia, kwa kukosa la kusema.

"Na wewe uliyezaa ndiye unataka kumrudisha shimoni."

Nilisimama pale na shati mkononi. Mbele yangu niliona mambo mawili tu. Mwanangu kitandani kwangu usiku, anavuta hewa haiji, na mimi nimekaa na madirisha wazi. Na mwanangu wodini, Jumapili imepita, wananiita dirishani kunikabidhi viatu. Hilo la pili ndilo nililokuwa nalala nalo siku zote. La kwanza nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu, kwenye simu, punde tu. Nikaamua kushika nililolisikia.

Nikaenda dirishani.

"Sista, msimtoe mwanangu."

Akadhani ni mambo ya majirani. "Wanakusema mtaani, mama? Tutakupa karatasi kwamba haambukizi tena."

"Si majirani. Mtembeze wewe mwenyewe mpaka kule chooni. Mfuate. Pale kwenye pazia usimwache akae."

Alinitazama, kisha akatazama ndani, akaondoka bila kuuliza la pili. Nilibaki nimeshika nondo za dirisha. Aliporudi alikuwa na jasho juu ya barakoa.

"Hakufika hata katikati," akasema. "Nimemshika akiwa anaanguka."

Nyuma yake ukutani kulikuwa na ubao mweupe, vitanda vimechorwa kama visanduku. Alikwenda kwenye kimoja, akafuta kwa kiganja alichoandika asubuhi. Akarudi, akaegemea dirisha kama mtu aliyechoka kusimama.

"Ngoja nikueleze ili ujue. Kila asubuhi nasimama kwenye ule ubao nasema, huyu leo, huyu keshokutwa, huyu bado. Nikishasema hivyo napiga simu. Wa mitungi nawaambia waniletee mingapi. Hospitali ya pili nawaambia nina nafasi ya mtu. Huyu mzee hapo nje, asubuhi kule walikuwa na kitanda. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mleteni huku, kuna kijana anatoka. Kile cha kule kimeshalaliwa."

Nikageuka kumtazama mzee kwenye kiti chake.

"Si mwanao peke yake," akaendelea. "Wiki hii ni wa tatu. Watu wanakimbia siku kama siku ndiyo inayoua. Nikipanga kwamba mtu atakaa hivi, naye akaniongopea, nampangia na mwingine uongo."

"Sista, lakini ni kweli? Wanaovuka Jumapili ya pili hawatoki?"

Alifikiri kidogo, hakunikaripia. "Wengine hawatoki. Anayekaa sana ni yule aliyezidiwa, mama. Mwanao fundi wa magari, si ndiyo? Gari likikaa gereji mwezi mzima, ni gereji ndiyo iliyoligonga?"

Halafu akatoka kwenda kwa yule binti. Nilitaka kukimbia, nikaona si uungwana, nikarudi kwenye benchi nikakaa nisikie. Sista aliongea kwa ufupi: kitanda hakipo tena, anatafuta kwingine, mzee abaki hapo na mtungi wake. Binti alisikiliza akiwa ameshika blanketi alilolikunja. Kisha akageuka kwangu.

"Kumbe hatoki?"

"Hatoki, mwanangu."

"Amezidiwa?"

"Hakuwa amepona. Alituficha."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Hakunitukana. Nilikuwa nimejikaza kwa matusi, na yalipokosekana nilikosa mahali pa kuweka uso. Alilikunjua blanketi, akamfunika mzee magoti, akampangusa jasho. Safari hii hakufumba macho.

Mjomba aliwasha gari. Aliweka viatu vya mpwa wake kwenye benchi kando yangu, taratibu, kama anaweka kitu cha marehemu. "Jumapili njema, dada," akasema, akaondoka. Na simu ikaingia ujumbe, maneno mawili: "Umeniuza mama."

Tulishinda pale mimi na binti na mzee mpaka jua likateremka. Sista alitoka mara kadhaa, simu sikioni, anabembeleza, anasikika akisema "mmoja tu, mmoja tu." Mtungi wa mzee ulibadilishwa, na ule mwingine haukuwa umejaa, mshale wake ulianza chini. Mzee aliacha kuitazama saa. Mimi nilichukua zamu ya kupepea, binti apate kunywa chai yangu. Tulipeana namba za simu. Gari la wagonjwa lilikuja jioni kumpeleka hospitali ya mbali, upande wa pili wa mji. Walipomwinua alinipungia mkono, vidole vitatu tu, binti akapanda nyuma na blanketi lake.

Jumapili ile nilikaa kwenye benchi kama mtu anayengoja hukumu. Kipaza hakujibu simu wala ujumbe. Mchana muuguzi kijana alinijia dirishani akaniambia wamemhamishia karibu na meza yao, wamemvalisha barakoa kubwa ya hewa, wanamlaza kifudifudi. Nikasema moyoni, haya, imefika. Nilikuwa na hasira na Mama Pacha, na Mungu, na mimi. Lakini pia nilijua kitu kimoja, na hicho ndicho kilichonishika nisianguke: hayo yangemkuta chumbani kwangu, na mimi barakoa kubwa sina.

Ikaja Jumatatu, yuko hai. Nikaacha kuhesabu, si kwa ushujaa, nilichoka. Jumapili nyingine ilipita sikuitambua mpaka nilipoona maduka yamefungwa. Wakaanza kumpunguzia hewa, kila siku kidogo, na kila akitembea muuguzi yuko kando yake. Siku aliyotoka walimsukuma kwa kiti mpaka getini, hapo akasimama mwenyewe. Shati nililomnyooshea lilimning'inia kama limeanikwa.

Yuko nyumbani. Gereji wamemwambia asikimbilie rangi, mapafu bado. Sauti yake imekuwa ndogo, ukiwa chumba cha pili husikii. Ule ujumbe hajaufuta wala hajausemea. Mara moja tu alinionyesha simu yake. Alimwandikia Utingo siku nyingi, salamu, kisha nyingine, kisha nyingine, na zote zina alama moja, hazijafika. Namba ya nduguye hana. Hatujui amekuwaje, na Kipaza haulizi kwa sauti. Mjomba naye anakuja, analeta mkate, anaongea habari za mpira.

Yule binti nilimpigia baada ya mwanangu kutoka. Nilikuwa nimeahirisha mara nyingi. Alipokea upesi.

"Baba tulimzika," akasema. "Alikaa kule siku chache tu. Walisema alifika amechoka sana. Kijana wako alitoka?"

"Alitoka."

"Ashukuriwe Mungu," akasema, na naamini alimaanisha. Nikasikia mtoto analia kwake, akaniambia tutaongea. Hatujaongea.

Nilikwenda kumuuliza Sista. Nilitaka aniambie kwamba mzee angekufa hata kama angepata kitanda asubuhi ile, au aniambie asingekufa, moja kati ya hayo. Alikuwa anakunywa maji nje, barakoa imeshushwa kidevuni, na alama zake mbili mashavuni. Alisema, "Sijui, mama. Na mimi huwa najiuliza." Akapandisha barakoa akarudi ndani.

Mimi shule niliishia ya msingi, sikuzoea kuandika. Naandika kwa sababu nyumba ya tatu kutoka kwetu wamelaza mtu juzi, na watoto wake wameshakuja kuniuliza sisi tulimtoaje Kipaza. Nimewaeleza kwa mdomo, nikaona wanatazamana. Basi nimeweka na hapa, wasome au wasomewe. Mwenye mgonjwa wodini ajiepushe na haya:

Usimwekee mgonjwa siku ya mwisho. Ukiambiwa wiki moja na nusu, hayo ni makadirio ya kupangia vitanda, si ahadi wala si hukumu.

Usimpelekee habari za bombani kwenye simu. Yuko peke yake kule, hana wa kumpunguzia.

Usimsifu kwa kuwadanganya wauguzi, hata kama unamhurumia.

Usikubali maandishi tu. Mpigie, aongee, usikilize anapumzika wapi.

Usimtoe kwa sababu gari limeshakuja.

Usitegemee madirisha.

Ukijua anaficha pumzi, usingoje mchana. Sema asubuhi, kabla Sista hajapiga simu zake.

Usikae kwenye benchi bila kumuuliza wa kando yako anangoja nini.